Wanafunzi wako hawaupendi muziki wa klasiki? Wape waufungue kwenye kompyuta, hatua kwa hatua

Niseme ukweli kabla hatujafika mbali, mara ya kwanza nilipojaribu hii kitu nilichemsha vibaya sana. Niliwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza slaidi kuhusu Beethoven, wakaniletea slaidi kali kweli, mapicha, maandishi yanayoruka ruka, kazaliwa 1770, kafa 1827, alikuwa kiziwi, makofi, tumemaliza. Nikauliza haya nani aniimbie zile noti nne tu za mwanzo wa Simfoni ya Tano. Darasa kimya, kama wamemwagiwa maji. Projekti nzima ya Beethoven ilifanyika bila mtu kumsikia Beethoven, na kosa lilikuwa langu maana mimi ndo niliyetoa kazi ambayo inafanyika bila masikio.

Toka siku hiyo nina kipimo kimoja tu. Najiuliza, je hii kazi itamlazimisha mtoto arudie kusikiliza kipande kilekile mara ishirini bila mimi kumwambia? Kama ndio, projekti iko vizuri hata ikifanyiwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kama hapana, hilo ni somo la kompyuta lenye Mozart kwa mbali kwenye spika. Hizi hapa chini zote zimepita kwenye hicho kipimo, na nimezipanga kuanzia rahisi, usiruke ya kwanza kwa sababu inaonekana ya kitoto.

KABLA HUJAANZA

Programu unazohitaji ni tatu na zote ni za bure: Audacity ya kukata na kuchezea sauti, MuseScore ya kuandika noti, na Scratch ya kuprogramu kwa kupanga bloku. Zote zinafanya kazi bila intaneti ukishaziinstoli, hata Scratch ina ile ya kuweka kwenye kompyuta, kwa hiyo zidaunlodi mapema sehemu yenye mtandao, weka kwenye flashi, zungusha kompyuta moja moja. Scratch unaweza pia kuibadilisha lugha ikawa Kiswahili, na hapo wale wadogo wanapumua.

Hedifoni ni muhimu kuliko kompyuta nzuri. Kompyuta kumi zikitoa sauti kwa spika chumba kimoja hakuna anayesikia kitu, unapata kelele na kichwa kinakuuma mpaka jioni. Kama hedifoni ni chache weka watu watatu kwa kompyuta moja na utafute kale kawaya ka kugawa tundu moja liwe mawili. Hao watatu wape kazi: mmoja ana mausi, mmoja ana masikio, mmoja ana kalamu, kila dakika kumi wanabadilishana. Wa masikio ndo mwenye neno la mwisho. Wa mausi haruhusiwi kusema "mi naona iko sawa", yeye afanye anachoambiwa na masikio.

Halafu mambo ya hakimiliki, hapa watu wengi wanajikwaa. Mtunzi Haydn amekufa 1809, noti zake hazina mwenyewe, lakini okestra iliyorekodi juzi ina haki kwenye ile rekodi. Niliwahi kupandisha kazi ya wanafunzi kwenye mtandao mmoja na kesho yake nikakuta sauti imezimwa, video inacheza bubu, watoto wamekasirika kama mimi ndo niliyezima. Sasa hivi nachukua rekodi kwenye tovuti ya Musopen, na noti nachukua tovuti ya IMSLP ambayo ipo toka 2006 na imejaa noti za watunzi waliokufa zamani. Na hata huko soma kilichoandikwa pembeni ya faili, maana masharti yanatofautiana rekodi kwa rekodi na sheria nazo nchi kwa nchi.

HATUA YA 1: WAONYESHE SAUTI KABLA HAWAJAISIKIA

Chukua sehemu ya pili ya Simfoni namba 94 ya Haydn, ile wanayoiita ya Mshtuko, ilipigwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Ifungue kwenye Audacity lakini USIICHEZE. Waache waangalie picha ya mawimbi tu. Wataona kamstari kembamba kanatambaa, kanatambaa, halafu ghafla mlingoti umesimama peke yake kama nguzo ya umeme kwenye uwanja mtupu.

Waulize, hapo kuna nini? Watakujibu kila kitu, mtu kaangusha sahani, maiki imegongwa, mwalimu faili lako bovu. Usijibu. Waambie waandike kwanza wanachodhani, na wakadirie ni sekunde ya ngapi, ndo wavae hedifoni. Sasa hapo angalia nyuso zao. Wanasikiliza hizo sekunde za upole wakiwa wamekaza macho kwenye ule mstari unaotembea, wanajua kabisa kitu kinakuja, na bado okestra ikipiga ile kordi nzito (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) kwenye baa ya 16 kuna watu wanaruka. Halafu wanarudisha nyuma. Halafu wanamwita jirani aje asikie wamwone naye akiruka. Hapo hujafundisha chochote bado na wameshasikiliza mara sita.

(Baa, kwa asiyejua, ni kale kachumba kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya noti.)

Sasa wape kazi yenyewe. Wakopi ule mlingoti waupesti mahali pengine, mapema zaidi, baa ya 8 kwa mfano, wasikilize, halafu wautoe kabisa wasikilize tena. Swali la kuandika ni moja tu: kwa nini Haydn aliuweka pale na si kwingine? Wenye masikio mazuri watagundua kwamba ile tuni ya mwanzo inarudiwa mara ya pili, na safari hii kimyakimya zaidi, yaani jamaa anakulaza kwanza ndo anakupiga kofi. Ukiambiwa na mwalimu hiyo ni habari tu. Ukiigundua mwenyewe kwa kukata na kubandika huisahau.

Ukipata muda fungua na Boléro ya mtunzi Ravel ya 1928, kama dakika 15 hivi, picha yake ni kama mkuki, inaanza kwa ncha inaishia pana. Usitoe maelezo, waulize tu mkuki umetoka wapi wakati mdundo wa ile ngoma ndogo haubadiliki toka mwanzo.

HATUA YA 2: MKIMBIZE KOBE

Hii ni ya dakika ishirini na inachekesha. Mwaka 1886 mtunzi Saint-Saëns alitunga vipande vya utani kuhusu wanyama, akakataza visichapishwe akiwa hai isipokuwa kile cha bata maji, nadhani aliona vitamharibia heshima, na vikachapishwa 1922 yeye keshakufa. Kuna kimoja cha kobe, vyombo vya nyuzi vinajikokota taratibu mpaka unasinzia.

Kiweke Audacity, kichague chote, nenda menyu ya Effect utafute Change Tempo. Angalia, hapo asilimia zinachanganya watu: ukiandika 100 spidi inakuwa mara mbili, ukiandika 200 inakuwa mara tatu, maana ni asilimia ya kuongeza. Waache wapandishe kidogo kidogo. Kuna mahali, ghafla, kuna mtoto atasema "heee, hii naijua!" kwa sababu ni ile dansi ya kanikani ya mtunzi Offenbach ya 1858, wanawake wanarusha miguu juu, imesikika kwenye katuni na matangazo dunia nzima. Saint-Saëns aliichukua dansi ya kasi kuliko zote mjini akampa kobe aicheze. Utani huo ulikuwa umelala humo zaidi ya miaka mia na wanafunzi wako wameufungua kwa namba moja.

Kazi ya nyumbani: kila kundi lichukue tuni yoyote wanayoipenda, hata ya sasa hivi, waipunguze kasi mpaka itambulike kwa shida, darasa libahatishe. Tumia Change Tempo, siyo Change Speed, hiyo ya pili inashusha na sauti yenyewe na mwimbaji anakuwa kama jini.

HATUA YA 3: KANONI NI KOPI NA PESTI

Hapa tunaingia MuseScore. Kanoni ni muziki ambao sauti moja inaanza na nyingine zinaifuata na tuni ileile zikichelewa. Kipande ni Kanoni ya mtunzi Pachelbel, ile ya maharusi. Wengi wanaisikia kama muziki mmoja mlaini kumbe ndani kuna mashine. Bezi, yaani sauti ya chini, ina noti nane tu, D A B F♯ G D G A, zinajaza baa mbili, halafu zinarudia, na zinarudia tena, mara 28 bila kubadilika. Juu yake kuna vayolini tatu na zote zinapiga tuni ileile, ila kila moja inaingia baa mbili baada ya mwenzake.

Sasa badala ya kueleza hayo yote, fanya hivi. Waandike bezi wao wenyewe, noti nane, wakopi wapesti mara sita. Waandike tuni ya vayolini ya kwanza, baa nane za mwanzo zinatosha, wakiangalia noti kutoka IMSLP. Wasikilize. Halafu waikopi hiyo tuni nzima waipesti mstari wa vayolini ya pili kuanzia baa mbili mbele, na ya tatu baa nne mbele. Wabonyeze kucheza. Hawajaandika kitu kipya hata kimoja na ghafla kuna sauti tatu zinazungumza, na hapo ndo utasikia "mwalimu, kumbe ni sisi tumefanya hii?"

Usiishie hapo, waambie waharibu. Wapesti vayolini ya pili baa MOJA mbele badala ya mbili. Inagongana, inachoma masikio. Kwa nini mbili inakubali na moja inakataa? Waache waumize kichwa, jibu liko kwenye bezi: duara lake ni la baa mbili, ukiingia katikati ya duara unaimba sentensi ya kwanza juu ya msingi wa sentensi ya pili. Mimi hapa natumia kipindi kizima na sioni kama nimepoteza muda, mtoto akielewa hili ameshaelewa kwa nini mtunzi Bach alikuwa Bach. Tena kama kuna kundi limemaliza mapema, mwaka 1747 Bach alitoa kanoni moja inayopigwa na mmoja kutoka mbele na mwingine kutoka nyuma kwa wakati mmoja, watu huiita ya kaa. Wape tuni waigeuze noti kwa noti kutoka mwisho. Watakuchukia dakika kumi halafu watakataa kwenda mapumziko.

HATUA YA 4: BEETHOVEN KWA NAMBA

Sasa Scratch. Fungua kona ya chini kushoto uongeze bloku za muziki. Noti zinaandikwa kwa namba, na hizo namba ni zilezile za MIDI, lugha ambayo vyombo vya elektroniki vinaongea toka 1983: 60 ni C ya katikati ya piano, ukipanda moja umepanda nusu hatua.

Waambie tu: tengeneza mwanzo wa Simfoni ya Tano. Noti ni 67 mara tatu halafu 63, kisha 65 mara tatu halafu 62. Tempo, yaani mapigo kwa dakika, weka 108, ndo spidi aliyoandika Beethoven mwenyewe alipochapisha namba zake za metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo kwa kasi unayotaka, mwaka 1817, kifaa kilikuwa kipya kabisa na yeye alikuwa na hamu nacho kama mtu aliyepata simu mpya. Kwa hesabu hiyo zile noti fupi ni robo pigo, 0.25.

Onyo moja, na hili limenigharimu. Ficha yule paka anayekaa kwenye skrini ya Scratch! Darasa moja walitumia vipindi vitatu kumvalisha paka koti na wigi, noti walikuwa nazo nne, na mbili ni za uongo. Sheria yangu sasa ni sauti kwanza, mapambo baada ya mimi kusikia baa tano.

Kila kundi, nasema kila kundi, litakuletea kitu chenye noti sahihi zote lakini kinasikika kibaya. Kinakimbia, kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi. Watabadilisha ala, watabadilisha tempo, watakwambia Scratch mbovu. Wewe kaa kimya, wape rekodi halisi wasikilize tena na tena wakigonga meza. Siku moja kuna binti alikuwa anagonga, anagonga, akasimamisha mkono hewani akasema, "kuna kimya hapo mwanzo, wanaanza na kimya." Ndo hicho. Kabla ya noti ya kwanza kuna robo pigo la mapumziko, wanamuziki wote wanaanza simfoni kwa kunyamaza pamoja, na kabla ya ile 65 kimya kile kinarudi. Waongeze bloku ya kupumzika 0.25 sehemu zote mbili na kitu kinasimama wima.

Halafu kuna ile noti ndefu, 63. Kwa karatasi ni pigo moja lakini juu yake kuna alama ya kushikilia, maana yake ishike utakavyoona inafaa. Kompyuta haijui "utakavyoona inafaa", inataka namba. Ni ngapi basi? Hapa chukua rekodi mbili za waongozaji tofauti wa okestra, ziweke Audacity, pima kwa kuchagua na mausi hiyo noti imeshikwa sekunde ngapi kwa huyu na ngapi kwa yule. Hazitalingana. Kila kundi lichague namba yake na lijitetee mbele ya wenzake. Nimeona watoto wakigombana kweli kweli kati ya 1.5 na 2.5, na wakati ule hakuna aliyekuwa anakumbuka kwamba huu ni muziki wa wazee.

HATUA YA 5: MUZIKI WA DADU (kama mna hamu bado)

Miaka ya mwanzo ya 1790 kulichapwa mchezo wa kutunga densi kwa dadu mbili, jina la Mozart likabandikwa juu, kama kweli aliutunga yeye watu wanabishana mpaka leo. Una baa 16, kila baa unarusha dadu mbili, jumla inakuwa 2 mpaka 12 yaani chaguo 11, kwa hiyo kuna vibaa 176 kwenye jedwali na unaokota kimoja kimoja. Inafanyika vizuri Scratch, ila gawa kazi, kila kundi liingize baa chache ndo muunganishe, usimpe kundi moja vibaa 176 labda kama umegombana nao.

Wengi wataweka namba ya bahati nasibu kati ya 2 na 12. Siyo! Dadu mbili siyo hivyo, 7 inatoka kwa njia sita na 2 inatoka kwa njia moja tu, kwa hiyo lazima wajumlishe mbili za 1 mpaka 6. Mwalimu wa hesabu atakushukuru. Halafu wauchezeshe mara kumi wasikilize: mbona kila mara inakubali kusikika kama densi? Waifuatilie baa ya 8, wataona dadu ikianguka vyovyote pale panafika mahali palepale.

KUSAHIHISHA NA KUONYESHA

Sisahihishi uzuri wa skrini. Nakaa na kundi dakika tatu, nawauliza mambo mawili: nionyesheni sehemu mliyoibadilisha mkajuta, na niimbieni kitu kimoja kutoka kipande chenu bila kompyuta. Anayeimba vibaya lakini anaimba chenyewe, maksi zote.

Siku ya kuonyesha usiweke kila mtu mbele ya projekta, inachosha. Panga kompyuta pembeni mwa ukuta kila moja na kitu chake, wazazi na madarasa mengine wazunguke waguse, wamkimbize kobe wenyewe, warushe dadu. Kundi libaki pale kueleza. Tengeneza kopi ya kila faili usiku wa kabla, maana mgeni wa kwanza lazima atafuta kitu.

Na kipindi cha mwisho kabisa, zima skrini zote. Rudisha ile sehemu ya pili ya Haydn, nzima safari hii, dakika kama sita, spika moja nzuri, hakuna mausi. Waambie wanyooshe kidole wakisikia tuni ya mwanzo imerudi imevaa nguo nyingine, na kile kishindo wasubiri kama kitarudi tena. Mimi hukaa nyuma ya darasa nikihesabu vidole.